Geoffrey Griffin na Amana ya Watoto wa Wamumu

Ndugu msomaji, mtoto mwenye wazazi ana mlango wa kubisha. Akiumwa huenda kwa mama yake, akidhulumiwa humlilia baba yake, na akikosea hukemewa na mtu ambaye jioni hiyo hiyo atamlisha. Lakini yuko mtoto asiyekuwa na mlango. Wazazi wake wamekufa, au wamefungwa, au wamemtupa, au ufukara umewashinda hata wakamwacha ajitafutie riziki mwenyewe. Mtoto huyu ni wa nani?

Sheria yetu imekwisha kulijibu suala hili tangu zamani. Asiyekuwa na walii, mtawala ndiye hushika mahali pa walii wake. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliifahamu vyema amana hiyo. Aliamuru kila mtoto mchanga aandikiwe fungu lake katika Baitulmali tangu kuzaliwa kwake, na alipoletewa khabari ya mtoto aliyeokotwa akaamua kwamba gharama ya kumlea ni juu ya Dola. Basi kuwaangalia watoto wanyonge si hisani ambayo Serikali huifanya ikipenda na kuiacha ikichoka. Ni deni.

Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kumchunga mtoto na kumlea. Ukuta huchunga, na askari huchunga, hata jela huchunga. Kulea ni jambo jingine, na twataka leo kulieleza kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja mashuhuri, Geoffrey William Griffin, aliyefariki dunia mwaka 2005. Huenda mwenzetu akauliza: mtu huyu hakuwa Mwislamu, na tena alianza ujana wake katika jeshi la wakoloni, vipi awe somo letu? Jawabu ni kwamba mwenye akili huchukua faida popote aionapo, na kheri iliyofanywa na mtu asiyekuwa wa dini yetu ni hoja juu yetu sisi ambao tumeamrishwa kuifanya. Isitoshe, kazi yake ilianzia mlangoni petu, katika uwanda wa Mwea, ambao siku hizo ulikuwa ndani ya Wilaya ya Embu.

Griffin alizaliwa Eldoret tarehe 13 Juni 1933, katika ukoo wa Kizungu uliokaa Kenya. Alisomeshwa Nairobi katika shule ya Prince of Wales, ambayo wakati huo ilikuwa ya wavulana wa Kizungu peke yao, na ambayo leo huitwa Nairobi School. Kenya aliyokulia ilikuwa nchi ya mafungu: Mzungu na shule yake na hospitali yake, Mhindi na zake, Mwarabu na zake, na Mwafrika chini ya wote na kipande chake shingoni. Kijana wa Kizungu wa zama zile angeweza kuishi hata uzeeni asijue mtoto wa Kiafrika alala wapi wala ala nini. Wengi waliishi hivyo. Griffin naye huenda angelikuwa mmoja wao, lau si vita vilivyozuka angali kijana.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari kwa ajili ya kupigana na Mau Mau. Makabila matatu yalitiwa katika fungu moja la kushukiwa, nayo ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata watu wa makabila hayo kwa maelfu, wakawapeleka kambini. Huku mashambani watu zaidi ya 1,000,000 walihamishwa kutoka katika boma zao wakatiwa katika vijiji vipya zaidi ya 800, vingi vikiwa na handaki na seng'enge pembeni, na mtu akitoka kwa saa na kurudi kwa saa. Wazee wetu wa Meru na Embu walioziona siku hizo walizikumbuka kwa njaa, kwa kazi ya shokoa, na kwa milango iliyovunjwa usiku.

Katika fitina kama hiyo, mtoto ndiye huumia kwanza na ndiye hutajwa mwisho. Baba yu msituni au kambini, mama yu katika kazi ya kuchimba handaki, na shule iliyojengwa na wazee imefungwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili huondoka akaenda mjini kutafuta chakula. Huko mjini hukamatwa kwa kosa la kuzurura, hurejeshwa kwao, na huko kwao hana mtu, basi hurudi tena mjini, naye hukamatwa tena. Wengine walichukuliwa pamoja na watu wazima kwa kushukiwa kwamba wamekula kiapo au wamewapelekea chakula wapiganaji, wakapelekwa Manyani, karibu na Voi, kambi iliyokuwa na watu zaidi ya 10,000. Mwaka 1954 homa ya matumbo iliingia katika kambi hiyo. Ndani yake walikuwamo wavulana kwa mamia, wakikaa baina ya seng'enge bila ya kuhukumiwa na kadhi wala hakimu yeyote.

Griffin wakati huo alikuwa afisa kijana jeshini. Aliyoyaona katika vita vile yalimwondolea hamu ya kazi ya silaha, na muda wake ulipokwisha hakutaka kuongeza. Ni jambo dogo kulisema lakini si dogo kulitenda, kwani mlango wa cheo ulikuwa wazi mbele yake, na watu wa ukoo wake wangemtukuza kwa kuuingia. Alichagua kazi ambayo haikuwa na sifa, yaani kukaa na wavulana waliokamatwa.

Mwaka 1955 Serikali, kwa shauri la idara ya maendeleo ya jamii iliyosimamiwa na Thomas Askwith, iliamua kuwatenga wavulana na watu wazima, ikafungua kambi ya vijana mahali paitwapo Wamumu, katika Mwea. Griffin alikuwa miongoni mwa maafisa waliofanya kazi huko, naye ana umri wa miaka ishirini na kitu tu. Mwea ya wakati ule haikuwa Mwea ya leo yenye mashamba ya mpunga mabichi mpaka macho yanapofika. Ilikuwa nyika kavu yenye joto na mbu, na mifereji ya mpunga ndiyo kwanza ilikuwa ikichimbwa, nayo ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu wa kambi nyingine zilizokuwa jirani.

Wamumu haikuendeshwa kama kambi hizo. Wavulana walivishwa nguo za shule badala ya nguo za mahabusu. Siku yao iligawanywa baina ya darasa na ufundi, wakajifunza kusoma, kuandika, useremala, uashi na kazi nyingine za mkono. Walipangwa katika nyumba, kila nyumba na viranja wake waliotoka miongoni mwa wavulana wenyewe. Walicheza kandanda, wakafunzwa gwaride, wakawa na cha kujivunia. Na jambo kubwa kuliko yote hayo ni kwamba kijana alipomaliza muda wake hakufunguliwa mlango akaambiwa aende zake tu. Alitafutiwa kazi, au alisaidiwa kurudi kwao kwa heshima. Mabwana wenye kuajiri walikuja kuwa wakiwauliza vijana wa Wamumu kwa jina la kambi yao, ilhali jina la kambi nyingine yoyote lilikuwa doa lisilofutika.

Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo, kwani haki husemwa nzima. Wamumu haikuwa pepo. Wale wavulana walikuwa wamefungwa pasipo hukumu, na wengi wao hawakuwa na kosa ila kuzaliwa katika kabila lililoshukiwa. Serikali iliyowasomesha ndiyo iliyowafunga wazazi wao, na makusudio yake yalikuwa pia kuwafanya wawe watiifu kwake. Ilipenda sana kuwaonyesha wageni Wamumu, na haikupenda kuwaonyesha mahali pengine. Mahali pengine huko palikuwako mambo ya kutisha. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 walipigwa hata wakafa kwa kukataa kazi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, Serikali ya Uingereza ilikiri mbele ya bunge lake kwamba watu waliteswa katika kambi za Kenya, ikatoa fidia kwa wazee 5,228.

Lakini hebu tuyatafakari mambo haya mawili pamoja. Serikali ilikuwa moja. Sheria ya Hali ya Hatari ilikuwa ile ile, na hazina ya fedha ilikuwa ile ile. Huku ikaua watu kwa marungu, na huku ikawatoa wavulana wakiwa mafundi. Ni nini kilichotofautisha? Si amri iliyotoka Nairobi, bali ni nia ya wale waliokabidhiwa ufunguo. Mlinzi wa Hola alimwona mbele yake adui, naye msimamizi wa Wamumu akamwona mbele yake mtoto ambaye kesho atakuwa mtu. Amana hupotea au husalimika mikononi mwa yule aliyeipokea, hata kama karatasi za Serikali zimeandikwa kwa kalamu moja.

Wavulana wa Wamumu walipopungua, Griffin alipewa kazi ya kuwapanga vijana wa Kenya nzima, akaanzisha vilabu vya vijana vijijini, khasa katika nchi za Wakikuyu, Waembu na Wameru ambako vita vilikuwa vimepita na kuacha watoto wengi wasiokuwa na shule wala kazi. Katika vilabu hivyo kijana alipata kusoma kidogo, kufunzwa kazi kidogo, na kula kidogo. Yote yalikuwa kidogo, lakini yalikuwa mlango.

Hata hivyo palibaki kundi lisiloweza kuponywa na kilabu, nalo ni la wavulana wa Nairobi waliolala chini ya madaraja na pembeni mwa masoko. Hawa hawakuhitaji mahali pa kuja saa za jioni. Walihitaji nyumba. Tarehe 14 Novemba 1959 Griffin, akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na wenzake wawili Waafrika, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua kituo cha kuwaokoa wavulana hao mjini Nairobi. Kilikuwa na mabanda mawili ya mabati yaliyopatikana kwa msaada wa makampuni ya mafuta, Shell na BP. Kituo kikaitwa Starehe, jina lenye maana ya raha na utulivu, hali waliokuja kukaa humo hawakuwa wameionja raha tangu wazaliwe.

Tulitazame jambo hili kwa jicho la wakati wake. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Mzungu aliyekuwa afisa wa jeshi na Wakikuyu wawili wanakaa meza moja kwa daraja ya wenzi, wanashauriana namna ya kuwalea watoto ambao mabwana wengi wa Nairobi waliwaita wezi. Wengi walidhani jambo hilo halitadumu mwaka mmoja.

Likadumu. Mabanda yakawa madarasa, madarasa yakawa shule ya msingi, kisha sekondari, kisha mafunzo ya ufundi. Mfuko wa kimataifa wa Save the Children ulikitegemeza kituo kwa miaka mingi, na wafadhili wengine wakachukua kila mmoja mtoto wake wakamlipia. Watoto wakawa zaidi ya 1,000, na shule iliyoanzishwa kwa ajili ya wavulana wa mitaani ikashindana na shule kubwa za nchi katika mitihani ya taifa, na mara nyingi ikazishinda. Wito wake ulikuwa maneno mawili ya Kiswahili, Natulenge Juu, nao haukuwa wa kujisifu. Mtoto aliyefunzwa na dunia kutazama chini ataanza kutembea vyema siku atakapoinua macho.

Katika uendeshaji wa Starehe yako mambo matatu ambayo sisi tulio na madrasa, na vituo vya mayatima, na majumba yenye watoto wa watu, twapaswa kuyazingatia sana.

La kwanza ni usawa. Starehe ilipokea pia watoto wa wenye uwezo waliolipa ada, lakini walio wengi walisoma bure au kwa ada ndogo kwa kadiri ya hali zao. Wote walivaa nguo sawa, wakala chakula kimoja, wakafagia uwanja mmoja. Mtoto hakutajiwa umasikini wake kila siku kama deni. Ni wangapi miongoni mwetu wamlishao yatima mbele ya hadhara, wakampiga picha na sahani mkononi, kisha wakadhani wamemfanyia wema? Tumbo lake limeshiba mchana mmoja, na uso wake umevunjika kwa maisha.

La pili ni baraza. Kila juma wavulana wote walikusanyika mbele ya mkurugenzi, na kila mtoto, hata mdogo kabisa, alikuwa na haki ya kusimama akauliza jambo au akashitaki jambo, liwe la chakula, au la kiranja, au la mwalimu, wala hakuadhibiwa kwa kusema. Griffin alikuwa mtu mkali, apendaye nidhamu na saa. Lakini alielewa kwamba mahali penye watoto wengi na wakubwa wachache, dhulma haikosi kuingia, na njia pekee ya kuijua ni kumpa mdhulumiwa ulimi. Nyumba ya watoto ambayo hakuna mtoto athubutuye kusema ndani yake, hata ikiwa safi na yenye sala tano, ina kitu kinachofichwa.

La tatu ni kuwafundisha wapokeaji wawe watoaji. Vijana wa Starehe walitakiwa wajitolee kufanya kazi kwa ajili ya wengine, katika shule na hospitali na idara, bila ya kulipwa mshahara wa kazi hiyo. Mtoto aliyelelewa kwa sadaka asipofunzwa kutoa, hukua akidhani mkono wa binadamu umeumbwa kupokea tu.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, chini ya Jomo Kenyatta ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa na wakoloni kwa miaka mingi. Watu wangedhani kwamba Mzungu aliyekuwa jeshini wakati wa Hali ya Hatari atafungasha mizigo yake. Kinyume chake, mwaka 1964 Serikali mpya ilimteua Griffin kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ili awachukue vijana wasiokuwa na kazi wafunzwe ufundi na nidhamu, wakijenga barabara na mabwawa na kulima mashamba ya Serikali. Alikaa katika kazi hiyo hata mwaka 1988, miaka 24, na muda wote huo hakuiacha Starehe. Viongozi wa uhuru walimwona kwa matendo yake. Na yeye kwa upande wake hakudai kwamba nchi imwombe radhi wala kwamba imshukuru, bali alifanya kazi.

Katika uzee wake aliandika kitabu juu ya uendeshaji wa shule za bweni, kiitwacho School Mastery. Pia kulikuwa na deni moja ambalo lilikuwa halijalipwa. Tangu mwanzo Starehe ilikuwa ya wavulana, ilhali msichana asiyekuwa na mlango yu katika hatari zaidi kuliko ndugu yake, kwani yeye hupotea ndani ya nyumba za watu ambako hakuna amwonaye. Mwanzoni mwa mwaka 2005 Starehe ya wasichana ilifunguliwa. Miezi michache baadaye, tarehe 28 Juni 2005, Griffin alifariki kwa maradhi ya saratani, siku 15 baada ya kutimiza umri wa miaka 72. Alikuwa bado mkurugenzi wa Starehe, miaka 45 na miezi saba tangu siku ya mabanda mawili. Akazikwa huko huko Starehe.

Sasa turudi Mwea. Wamumu haikufa. Baada ya Hali ya Hatari iligeuzwa kuwa shule ya Serikali ya wavulana waliofikishwa mahakamani, na baada ya sheria ya watoto ya mwaka 2001 shule kama hizo zikaitwa shule za kurekebisha tabia. Mwea nayo ilitengwa na Embu, na leo iko katika Kaunti ya Kirinyaga. Hapa Meru mjini kuna nyumba ya Serikali ya kuwaweka watoto wanaongojea kesi zao. Sheria imeendelea mbele. Zamani mtoto wa miaka minane aliweza kushitakiwa kwa kosa la jinai, lakini sheria mpya ya watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri huo hadi miaka 12. Serikali imeandika pia mpango wa miaka kumi, kutoka mwaka 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka katika vituo waende wakaishi katika jamaa, kwa kuwa imetambulika kwamba bweni, hata likiwa jema, si kifua cha mama.

Na katika sheria hiyo ya mwaka 2022 limo neno ambalo Mwislamu wa Kenya alikuwa hajaliona katika sheria za watoto za nchi hii, nalo ni kafala. Sheria inakiri kwamba Mwislamu aweza kumchukua mtoto asiye na mlezi akamlisha, akamsomesha na kumtunza kama wa kwake, bila ya kumbadilisha nasaba wala jina la baba yake. Hili ni jambo kubwa. Kwa muda mrefu wengi wetu tulijitenga na mambo ya kupanga watoto tukisema kwamba sheria ya nchi hubadilisha nasaba na dini yetu hairuhusu. Udhuru huo ulikuwa wa haki. Leo haupo tena.

Lakini kafala ya kisheria huja pamoja na usimamizi, na hapa ndipo penye mtihani wetu. Tuseme kweli. Ni desturi katika miji yetu mtu kwenda kwa ndugu yake masikini huko mashambani akamchukua binti wa miaka tisa, akasema naenda kumlea na kumsomesha. Ukimwona binti huyo baada ya mwaka mmoja utamkuta na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, watoto wa nyumba wamekwenda shule naye amebaki na vyombo. Ukiuliza utaambiwa huyu ni wetu. Kadhalika yuko mlezi aliyekabidhiwa shamba la yatima, na yatima akikua hulikuta shamba lina hati ya mtu mwingine. Na ziko nyumba za kufundishia watoto ambazo mwalimu huona kwamba fimbo yake haina hesabu, na afisa wa watoto akija kuuliza, husemwa kwamba dini inapigwa vita.

Dini haipigwi vita kwa mtoto kuulizwa kama amekula. Anayemfanyia mtoto wema mbele ya Mola wake haoni vibaya kuonekana na binadamu, na anayekataa kukaguliwa atazamwe kwa makini. Ikiwa Griffin, ambaye hakuwa na aya inayomtisha juu ya mali ya yatima, alisimama kila juma mbele ya watoto mia kadhaa akawapa haki ya kumshitaki, sisi tulio na aya hizo twaogopa nini?

Na Serikali nayo tuikumbushe. Katika Igembe na Tigania bado wako wavulana wanaoacha shule wakapanda miti ya miraa kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa pesa ya leo yawavuta kuliko kitabu cha kesho. Katika vituo vya mabasi vya Meru na Embu wako watoto walalao nje penye baridi ya mlima. Kuwakamata usiku mmoja wa msako na kuwarejesha vijijini asubuhi ndiyo dawa ile ile iliyoshindwa katika miaka ya 1950. Mtoto asiyekuwa na mlango, ukimrudisha mahali pasipo na mlango, atarudi njiani.

Basi tulifanye nini? Kila msikiti wa Meru na Embu uwajue mayatima wa mtaa wake kwa majina, na uwaandike. Mwenye uwezo wa kumchukua mtoto kwa kafala amchukue kwa njia ya sheria, mbele ya afisa wa watoto, si kwa kificho. Madrasa zetu ziwe na siku ya watoto kusema, na watu wazima wanyamaze wasikilize. Wenye mali wafikirie kuweka wakfu, japo chumba kimoja cha kupangisha, ambacho kodi yake itamsomesha mtoto mmoja mpaka amalize, kwani sadaka ya siku moja hulisha siku moja, na wakfu hulea. Na tuwasomeshe vijana wetu kazi ya ustawi wa jamii, ili siku afisa wa Serikali akibisha mlango wa yatima wa Kiislamu, awe huenda ni kijana wetu mwenyewe.

Griffin aliingia Wamumu kama mtumishi wa Serikali iliyofunga, akatoka humo mlezi. Hakupewa na mtu amri ya kuwa mlezi. Alipewa ufunguo tu, kama walivyopewa wengine, naye akachagua la kuufanyia. Kila mmoja wetu ana ufunguo wa mlango fulani ambao nyuma yake yuko mtoto.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoitunza amana, na awape watoto wa nchi hii walezi wema katika majumba na katika Serikali. Wabillahi tawfiq.